AFYA YA JAMAA: Koleo la meno limetoka wapi?

Mwezi huu tuzungumze juu ya jino, lakini zaidi juu ya koleo linalolishika. Mbele ya kuingia kinywani mwako, koleo hilo lilikuwa katika kinywa cha nani? Na tangu lilipotoka kule, limefanyiwa nini?

Jino likiuma usiku kucha, mtu haulizi maswali. Anatafuta aliye karibu na mwenye bei ndogo. Mtu wa mjini anaweza kufika kwa munganga wa meno kwa miguu ao kwa pikipiki. Lakini ndugu zetu walio kwenye karieri za Masisi na Walikale wako mbali. Kule anaweza kupita mtu na mfuko wake siku ya soko. Anang'oa jino la huyu, anafuta koleo na kitambaa, anaita mwingine. Nasi tunasema: "Aina shida, alisha kuosha na maji ya moto."

Shida iko, wapendwa. Tuitazame vizuri.

Kung'oa jino ni kazi ya damu. Damu na mate vinabaki kwenye koleo, ndani ya sindano, hata ndani ya mashine ya kutoboa meno. Katika damu hiyo vinaweza kuwamo virusi vya hepatiti B ao C, ambavyo vinaharibu ini, ao vya SIDA. Mwenye kuwa navyo anaweza kuonekana mzima kabisa, anachimba, anauza soko, hajui kitu. Virusi vya hepatiti B vinaweza kuishi siku 7 juu ya kitu kikavu. Ndiyo kusema koleo lililofutwa Jumatatu likang'aa, Ijumaa linaweza bado kubeba ugonjwa.

Sisi Wakongomani tulishalipa bei kali juu ya somo hili. Mwaka 1976 kule Yambuku, kaskazini ya nchi, wakati wa Zaire, sindano 5 tu zilitolewa kila asubuhi kwa kazi ya wagonjwa wote. Kati ya mgonjwa na mgonjwa zilisuuzwa katika maji ya vuguvugu. Ebola ikapita humo. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Katika wafanyakazi 17 wa hospitali ile, 11 walikufa. Walikuwa watu wenye kupenda kazi yao, lakini vyombo havikutosha, na maji yale hayakuua kitu.

Tusifikiri kwamba hayo ni ya nchi maskini peke yake. Mwaka 2013 katika mji wa Tulsa, Marekani, wakaguzi wa afya walikuta kwa munganga mmoja wa meno vyombo vyenye kutu, na mashine ya mvuke isiyopimwa kwa miaka. Wagonjwa wapata 7,000 waliandikiwa waende kupima damu. Vipimo vikaonyesha kwamba hepatiti C ilitoka kwa mgonjwa mmoja ikaingia kwa mwingine palepale.

Maji yetu yanachemka mapema

Wengi wanauliza: "Kama maji ilichemka sana, shida iko wapi?" Kule pwani, maji yanachemka yakifika digrii 100. Lakini Goma iko juu, karibu metre 1,500 kupita bahari, na huku maji yanachemka kwa digrii 95 hivi. Katika milima ya Masisi ni chini ya hapo. Hata ukiongeza makala, maji yatapiga mapovu tu, moto wake hautapanda.

Tena, hata digrii 100 hazitoshi kwa kila kidudu. Kuchemsha kunaua virusi vingi, lakini kuna vijidudu vyenye kujifunga ndani ya ganda gumu kama mbegu. Kidudu cha pepopunda ni kimoja chao. Ganda hilo linastahimili maji ya kuchemka.

Ndiyo sababu Mfaransa Charles Chamberland alitengeneza otoklavu mwaka 1879. Ni kama sufuria yenye kifuniko cha kukaza: mvuke haupati njia ya kutoka, unasukumana ndani, na joto linapanda mpaka digrii 121. Hapo vyombo vinakaa dakika 20 ikiwa viko wazi, na 30 ikiwa vimefungwa. Ukosefu wa umeme si sababu ya kukataa, kwani kuna otoklavu ndogo zinazowekwa juu ya gazi ao makala. Pahali pa juu kama kwetu, kipimo cha mvuke kinaongezwa kidogo.

Lakini mvuke hauondoi uchafu. Damu iliyokauka inakinga vidudu kama blanketi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuosha kwa brosi, sabuni na maji, mikono ikiwa ndani ya glovu nzito. Kisha kukausha, kufunga, na kuingiza katika mvuke. Javeli ni nzuri kwa meza na sakafu, lakini inakula chuma, na haiwezi kushika nafasi ya mvuke. Alkoli nayo haiwezi. Kupitisha koleo haraka juu ya moto ni kujidanganya.

Mambo 4 ya kutazama mbele ya kufungua kinywa

1. Vyombo vitoke ndani ya mfuko uliofungwa, ufunguliwe mbele ya macho yako. Mara nyingi mfuko una utepe wenye kubadilika rangi ndani ya joto. Kama rangi haikubadilika, vyombo visitumiwe.

2. Sindano iwe mpya. Na kichupa cha dawa ya ganzi kiwe chako peke yako. Dawa iliyobaki kwa mgonjwa mmoja isipewe mwingine, hata kama sindano imebadilishwa, kwani damu inaweza kurudi ndani ya kichupa.

3. Munganga anawe mikono na avae glovu mpya kwa kila mgonjwa. Glovu za kuoshwa na kurudishwa hazifai.

4. Kichwa cha mashine ya kutoboa nacho kipite kwa mvuke. Kupanguza nje hakutoshi, maana mate yanaingia ndani.

Neno kwa wamama wenye watoto wachanga

Mtoto akiwa na homa na kuhara, wengine wanasema ana "meno ya plastiki". Wanamfungua kinywa na kuchimba ufizi kwa msumari, kisu ao spoki ya baiskeli. Jambo hili liko Uganda, Tanzania, Rwanda na kwetu pia. Mama, kile kinachoonekana cheupe ni jino la kweli linalokuja. Ukichimba, unamtoa mtoto damu, unamwingizia vidudu, unaharibu hata meno yatakayokuja nyuma. Watoto wamekufa kwa sababu hiyo. Homa ile ina sababu nyingine. Mpeleke kituo cha afya, na usisahau chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, maana ndani yake mna kinga ya hepatiti B.

Mwaka 2019 Ebola ilipofika Goma, sote tulijifunza kunawa kila mlangoni, na hakuna aliyeona haya kumkumbusha mgeni. Mbona mbele ya munganga wa meno tunanyamaza? Kuuliza kwa heshima si kumtukana. Kijana, sema hivi: "Docta, samahani, hivi vyombo vilishapita kwa mvuke?" Munganga mwema atafurahi kukuonyesha. Akikasirika, shukuru, uondoke.

Lakini hofu isikufungie nyumbani. Shavu likivimba pamoja na homa, ao ukishindwa kumeza, usingojee siku ya soko. Nenda hospitali siku ileile. Na ninyi mlio kwenye karieri, wekeni franga kidogo kidogo pamoja kwa ajili ya safari ya mwenye kuumwa. Safari hiyo ni ya siku moja. Ugonjwa wa ini unaweza kukaa na mtu maisha yake yote.