SHAMBA NA NYUMBA: Shauri la Bwana Shamba

Mwezi huu twanena juu ya neno limhusulo kila mwenye jembe katika nchi kavu: shauri la bwana shamba lafaa nini?

Tutazame Makanya, katika wilaya ya Same. Kijiji hiki kiko magharibi ya milima ya Upare, na mvua itokayo baharini huishia upande wa pili. Vuli na masika huja, lakini mara nyingi mvua hunyesha kwa nguvu siku chache, kisha jua huwaka majuma mawili au matatu. Jua hilo likiyakuta mahindi yatoa mbelewele, mwenye nyumba huvuna mabua matupu. Basi shida si uchache wa mvua tu, bali maji hupita shambani mbio na kwenda zake.

Wazee walijua hayo tangu zamani. Milimani walijenga ndiva, ndizo bwawa dogo za kukusanya maji ya kijito usiku, yafunguliwe mchana kwa zamu. Na huko chini Makanya watu hugeuza maji ya mafuriko yaingie mashambani.

Wataalamu, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, walifanya majaribio katika mashamba ya wakulima wa Bangalala, katika bonde lilo hilo. Ardhi ngumu ilipasuliwa kwa jembe la ng'ombe pasipo kupinduliwa. Ilichimbwa mifereji ya fanya juu kukinga mteremko, udongo ukatupwa upande wa juu, na maji yatiririkayo yakaelekezwa humo. Hivyo unyevu hukaa siku za jua, na mavuno huzidi.

Lakini shauri lisemwalo chini ya mti, mvua imekwisha kuanza, halifai kitu. Na mfereji uliochimbwa pasipo kuuliza maji hupita wapi hubomoka, ukaacha korongo. Tena kazi hii ni nzito. Mjane hawezi peke yake, bali kwa msaragambo yawezekana.

Basi twawasihi, mwiteni bwana shamba au bibi shamba kabla ya mvua. Mwonyesheni njia ya maji, naye mzee wa jirani awepo. Jaribuni kipande kimoja, na kingine cha ukubwa ule ule mkilime kwa desturi, kisha pimeni mavuno yote kwa debe moja. Nanyi walimu, fanyeni vivyo hivyo katika shamba la shule, watoto wahesabu. Hapo mtajua wenyewe shauri lipi la kushika.