Moshi wa Kuni si Ushahidi

Hapa Lembeni ng'ombe wakifa kwa ukame, au mtoto akifariki ghafla, hakosi mtu wa kusema: tuchange fedha, tumlete mpiga ramli awafichue wachawi. Nimelisikia neno hili gulioni, tena vinywani mwa vijana waliosoma. Nasema wazi kwamba ni neno la hatari.

Tuwatazame ndugu zetu wa Shinyanga na Mwanza. Huko vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kuwa macho yao ni mekundu. Mwanamke gani wa Upareni asiyejua macho hayo yanatoka wapi? Ni moshi wa kuni wa miaka hamsini! Na mara nyingi nyuma ya ramli lipo shamba la mjane ambalo mtu analitamani.

Wapo wanaodhani haya ni ya Mwafrika peke yake. Si kweli. Baina ya miaka ya 1450 na 1750 Ulaya iliwaua watu wapatao 40,000 hadi 60,000 kwa shitaka la uchawi, wengi wao wanawake. Tena mahakamani, mbele ya mahakimu wenye elimu. Mara nyingi mtuhumiwa aliteswa mpaka akakiri, kisha akateswa tena ataje wenziwe. Kwa mtindo huo wachawi wataisha lini?

Nasi tusijitoe. Serikali ilipowasaka wauaji wa vikongwe katika mikoa hiyo miwili, washukiwa waliteswa mahabusi na baadhi wakafa. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977, ingawa si yeye aliyewapiga. Huo ndio uongozi. Lakini tazameni: waliotumwa kuwalinda vikongwe walishika fimbo ile ile ya mahakimu wa Ulaya.

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, tuliyoachiwa na Mwingereza, inamtia hatiani anayemsingizia mwenziwe uchawi. Vema. Ila sheria hiyo hiyo ilimpa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kumwamuru mtuhumiwa akakae mahali pengine. Yaani bibi ahame, msingiziaji abaki na shamba! Kifungu cha namna hiyo hakifai katika nchi huru.

Mchango wa mpiga ramli ukifika mlangoni kwangu, sitoi hata senti moja. Aliyefiwa na mtoto akaulize zahanati, na aliyefiwa na ng'ombe amwite bwana mifugo.