Aliyetoka jeshini si mzito, ni sisi tusiojua kuuliza

Jamani, hili tuliseme wazi. Kuna dhana imetuingia sisi watu wa programu: eti mhandisi aliyefanya kazi za ulinzi kule Marekani miaka kumi amezoea makaratasi, hafai kampuni ya biashara. Mimi nasema huo ni uvivu wa waajiri.

Tazama historia. Miaka ya 1950 IBM ilijenga kompyuta za SAGE, mfumo wa kulinda anga ya Marekani. Ujuzi huohuo ikaupeleka American Airlines, wakajenga SABRE, mfumo wa kukatia tiketi za ndege. Grace Hopper naye aliingia jeshi la wanamaji 1943, akahamia kampuni ya kompyuta 1949, akaitwa tena jeshini 1967, akastaafu 1986 akiwa admirali, kisha kampuni ya Digital ikamwajiri. Huyo naye alikuwa mzito?

Watasema lugha zao ni za kale, kama Ada. Lakini Boeing 777, ndege ya abiria, imejaa programu za Ada! Lugha mpya utaizoea kwa muda mfupi. Tabia ya kupima programu kwa makini kabla ndege haijaruka haipatikani hivyo.

Ukuta uliopo umejengwa na siri. Anayetoka hawezi kuonyesha msimbo wake. Anayetaka kurudi, akiwa amekaa nje ya kazi za siri kwa muda mrefu, huenda akachunguzwa upya ndipo apewe kibali. Basi wengi wanaogopa kutoka, na mwajiri wao anajua hivyo.

Usidhani ni mambo ya Wamarekani tu. Mimi mwenyewe niliwahi kuombwa, hapa Nairobi, nionyeshe msimbo niliouandikia benki moja chini ya mkataba wa siri. Nikakataa. Kazi akapewa mwingine. Angeliuonyesha msimbo wa benki, wewe ungemwamini na wako?

Kwa hivyo, mwajiri, acha kuomba siri za watu. Mpe mtu tatizo lako halisi, keti naye, akueleze atakavyolitatua. Nawe uliye ndani, kama mkataba unaruhusu, andika kitu chako cha wazi leo, kabla hujakihitaji.

Nawasilisha. Anayepinga aje na hoja.