Zima king'amuzi, mpira utauona tu. Ila nyumbani umemwachia nani rimoti?

Wadau wa Kyela mjini, Ipinda, Ngonga na Matema, leo naongea na nyie. Na wale mliopo Mbeya na Dar ambao kila mwisho wa mwezi mnatumiwa meseji na mzee "mwanangu, king'amuzi kimekata", msijifanye hayawahusu.

Swali linalozunguka kwenye magrupu ni moja tu: king'amuzi bado kina kazi gani wakati kila mtu ana simu? Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kwa mtu anayeishi huku kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kulipia kifurushi miezi kumi na miwili mfululizo ni kuchoma hela. Lakini kukizima kama wanaume wengi wa mtaani wanavyokizima, hapo sikubaliani, na sababu nitaitoa.

Tuanze na hela, maana ndiyo inayouma. King'amuzi kimetengenezwa kwa ajili ya mtu wa mshahara. Tarehe ikifika, lipa, usipolipa skrini inakuandikia ujumbe. Sasa Kyela nani analipwa tarehe 28? Walimu, manesi, watu wa halmashauri, basi. Wengine wote ni mpunga, kakao, michikichi, samaki na biashara ya mpakani Kasumulu. Hela inakuja kwa msimu. Kakao ikipimwa AMCOS na mnada ukipita, watu wanang'aa. 2024 bei ya kakao duniani ilipopita dola 10,000 kwa tani, si mliona wenyewe mabati mapya na madishi juu yake? Halafu miezi inakuja ambayo mtu hana hata ya vocha, na dishi liko pale pale juu ya bati, kunguru anapumzikia.

Wenye ving'amuzi nao si wajinga, wengine wameweka vifurushi vya siku na vya wiki. Sawa. Ila fanya hesabu mwenyewe: ukiwa unalipia wiki kwa wiki mwaka mzima umeokoa nini?

Halafu kuna mvua. Hili mtu wa Dodoma hawezi kukuelewa ukimsimulia. Wilaya yetu ni kati ya zinazonyeshewa sana nchi hii, kwa mwaka tunapata zaidi ya milimita 2,000. Yale madishi madogo yanatumia mawimbi ambayo mvua nzito inayameza. Siyo fundi kafunga vibaya, siyo waya, ni fizikia. Wingu zito likisimama kati ya dishi na setilaiti, picha inaanza kukatika vipande kama mosaiki, kisha skrini nyeusi. Na sasa angalia kalenda: mvua zetu kubwa ni Machi, Aprili, Mei. Ligi inaamuliwa lini? Machi, Aprili, Mei. Yaani umelipa msimu mzima, ubingwa unapoanza kunoga ndiyo mbingu inafunguka. Wazee wenye yale madishi makubwa ya zamani huwa wanacheka, maana mawimbi ya madishi yale yanavumilia mvua. Tatizo huko kwenye chaneli za bure Simba na Yanga hawapo.

Kwa nini hawapo? Hapa wadogo zangu mliozaliwa juzi nisikilizeni. Zamani antena ya juu ya mti ilitosha. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar, mikoa mingine ikafuata 2013, na tangu hapo televisheni bila king'amuzi ikawa pambo la sebuleni. Mwishoni mwa 2013 Azam TV wakaingia. 2021 wakasaini na TFF mkataba wa miaka 10 wa haki za kuonyesha Ligi Kuu, shilingi bilioni 225.6. Kwa hiyo mpira wa nyumbani una mlango mmoja, na mlango una mlinzi.

Mimi siulaumu mkataba ule, na hapa najua nitatukanwa. Hela ya televisheni inagawiwa klabu zote, siyo za Kariakoo tu. Tanzania Prisons na Mbeya City nao wanakula humo. Sisi watu wa nyanda za juu kusini tunajua ukata wa mpira ulivyo. Tukuyu Stars walibeba ubingwa wa Tanzania 1986, pale Rungwe tu, jirani zetu, leo waulize wadogo zako kama wanajua timu hiyo iliwahi kuwepo. Mbeya City walipanda 2013 wakamaliza wa tatu msimu wao wa kwanza, nchi nzima ikawa inawashangilia, baadaye wakashuka, wakapambana mpaka wakarudi 2025. Timu ya mkoani inaishi kwa hela ndogo, na ile ya televisheni ni sehemu yake.

Ndiyo maana hizi linki za wizi za Telegram sizipendi. Kuna jamaa mmoja maarufu sana mitandaoni, jina naliweka kapuni, kila siku ya mechi anatupia "laivu hapa bure". Ukibonyeza unapelekwa kurasa saba, ya mwisho inakuomba namba ya simu. Ndugu yangu, mpira gani unahitaji namba yako ya siri ya pesa? Na zile "laivu" za Facebook na YouTube ndiyo vichekesho: picha ya mchezaji imeganda, sauti ya redio inapita nyuma, watu elfu kadhaa wanaandika "mbona haianzi". Nyingine ni mechi ya kompyuta kabisa, ile ya gemu, jezi tu ndizo zimefanana!

Ya halali ipo. Azam wana programu yao ya simu, AzamTV Max, na DStv nao wana ya kwao. Ila bando lako ulijue. Mechi nzima kwa picha ya wastani inakula kama GB 1, ukijifanya unataka HD inaweza kupita GB 3. Na simu inachelewa. Video ya intaneti inakatwa vipande, inapita kwenye seva, ndiyo inafika kwako, hivyo picha ya dishi inakutangulia kwa sekunde nyingi tu. Wewe unaona kona ndiyo kwanza inapigwa, jirani mwenye dishi ameshapiga kelele, bodaboda wanapiga honi. Goli umesimuliwa kabla hujaliona. Mwenye redio mbao ndiye mfalme wa wote, anajua kabla ya kila mtu.

Watu wa Kasumulu mna mkosi wenu wa ziada. Simu ikidaka mnara wa Malawi, saa inarudi nyuma saa nzima maana wenzetu wanatumia saa tofauti. Mechi ya saa kumi, simu inakuambia saa tisa, unaendelea kunywa chai taratibu. Ukija kushtuka, kipindi cha kwanza kinaisha. Zima ile saa ya kujiseti yenyewe, mtanishukuru. Ndaga fijo mapema.

Sasa nifike kwenye kitu ninachokipenda mimi binafsi, michezo ya wanafunzi na vyuo. Huku ndiko watu wa king'amuzi wanaposhindwa hoja kabisa. Niambie mara ya mwisho umewasha king'amuzi ukakuta laivu mechi ya vyuo vya Mbeya. MUST wakicheza na TEKU, TIA wakicheza na Mzumbe kampasi ya Mbeya, nani anaonyesha? Michezo ya TUSA ya vyuo vikuu, SHIMIVUTA, UMISAVUTA ya vyuo vya ualimu, mwaka ukiwa mzuri utapata dakika mbili kwenye taarifa ya habari, mgeni rasmi akikata utepe. UMISSETA inakusanya vijana wa sekondari nchi nzima, 2021 walikuwa Mtwara, 2022 Tabora, na mzazi wa Kyela hawezi kukodi basi kwenda Mtwara kumwangalia binti akicheza netiboli.

Lakini siku hizi anamwona. Kuna kijana mmoja tu pembeni ya uwanja, mara nyingi mchezaji wa akiba au mpenzi wa mchezaji, amenyanyua simu, TikTok laivu imefunguka, watu mia mbili wanaangalia. Picha inatikisika, goli linafungwa yeye akiwa amegeuza kamera anaonyesha warembo wa chuo. Mtangazaji hana, takwimu hana, matokeo unauliza kwenye komenti: "ngapi ngapi?" Na bado naapa ndiyo matangazo matamu kuliko yote, kwa sababu yule beki wa kulia unamjua, mlikuwa naye Ipinda.

Kwa mchezo huo king'amuzi hujawahi kukihitaji hata siku moja. Jamaa akisema "siwezi kuacha dishi, napenda michezo ya vijana", anadanganya, anapenda ligi ya Uingereza. Aseme tu.

Ila vyuo navyo viamke. Chuo kina kozi ya TEHAMA, kina wanafunzi mia kadhaa wenye simu kali kuliko kamera za studio za zamani, halafu fainali ya chuo inarushwa na mtu mmoja ambaye betri ipo asilimia 11. Stendi ya simu, maiki ya bei chee, wanafunzi wawili wa kutangaza kwa zamu, akaunti moja ya serikali ya wanafunzi. Kijana wa Kyela anayekimbiza winga kule ataonekanaje na maskauti kama mechi zake zinafutika saa 24 baada ya kupostiwa?

Haya, turudi nyumbani, maana ndiko kwenye shughuli.

Mwanaume wa Kyela akisema "nimeachana na king'amuzi", mpira hajauacha. Anaenda kibanda umiza. Anatoa mia tano au buku, anakaa kwenye benchi, anaona skrini kubwa, anabishana, anarudi saa tano usiku amefurahi. Kwa hesabu yake ameokoa hela. Na simu janja ya nyumbani ni moja, iko mfukoni mwake, imeenda naye kibandani.

Waliobaki wana nini? Mama tamthilia yake imekatikia pale pale mtu alipokuwa anataka kufichua siri. Watoto katuni hakuna. Na binti wa kidato cha pili anayeipenda Yanga kuliko hata baba yake, yeye kibandani haendi. Tusidanganyane, mazingira ya vibanda vyetu mnayajua, giza, matusi, mikono ya watu. Mzazi gani atamruhusu usiku? Mwanamke mzima tu akiingia anageukwa na benchi zima. King'amuzi pamoja na ubaya wake wote kilikuwa kinamhesabu yule binti. Kilikuwa cha nyumba nzima. Simu ni ya mwenye simu.

Dada mmoja wa hapa mjini, mfanyabiashara, wengi mnamjua na jina simtaji, mume alipozima dishi yeye hakugombana. Alisubiri siku ya watani wa jadi, akalipia cha wiki kwa hela yake, akawaita majirani wanawake na watoto wao, chapati zikauzwa sebuleni. Wiki ikalipika na chenji ikabaki. Sikuhizi wanaume ndio wanabisha hodi, "shemeji, tunaomba kuingia". Shemeji anacheki kwanza kama wamevua viatu.

Mimi ningefanya hivi. Miezi ya ukata na ya mvua kubwa, zima, usilipie skrini nyeusi. Mechi za kila wiki fuata kwa redio, kwa programu ya halali ukiwa na bando, michezo ya vyuo ifuate kwa vijana wenyewe na uwafolo, inawapa nguvu. Wiki zenye mechi nzito, lipieni kama familia, na televisheni ikae sebuleni kila mtu aione. Kama TV yako ni janja, rusha mechi kutoka kwenye simu, skrini ya inchi sita haiwezi kuangaliwa na watu saba. Na kabla hujazima, uliza nyumbani. Siyo kutangaza, kuuliza.

Wa Matema nawaulizia nyie hasa, mnaobanwa na milima ya Livingstone upande mmoja na ziwa upande mwingine: mtandao ukikata dakika ya 88 mnafanyaje? Na wewe baba unayesoma hapa umejificha kibandani, binti yako leo ameiangalia wapi mechi?