Namba bila hesabu ni maneno tu

Bandugu wachimbaji, na ninyi wamama wenye kupangia nyumba mushahara, leo tuongee juu ya namba. Wengi wanasema hesabu ni mambo ya wasomi. Mimi nasema: kama haujue kuhesabu, mwingine atakuhesabia.

Kuko namba zinaitwa tasa, zile ku masomo walituambia nombre premier. Kamata mifuko 12: unaipanga mistari 3 ya mifuko 4. Kamata mifuko 13: hata ufanye nini, haipangike mistari sawasawa, isipokuwa mustari mumoja ao moja-moja. Basi 13 ni namba tasa. Kwa namba ndogo, mutoto wa primere anajua. Kwa namba kubwa, ni vita.

Mwaka 1644, padri Marin Mersenne wa Ufaransa alitoa liste. Unazidisha 2 kwa 2, tena kwa 2, mpaka hizo 2 zifike 67, kisha unatoa 1: akasema ni namba tasa. Zikifika 127, akasema vilevile. Alikuwa mutu wa heshima, wasomi wa Ulaya walikuwa wanaandikiana naye. Lakini hesabu yenyewe hakuionyesha.

Ikapita miaka zaidi ya 200. Mwaka 1876, Mufaransa mwingine, Édouard Lucas, akapima. Ile ya 127 ni tasa kweli: iko na tarakimu 39, na hakuna kubwa kuipita iliyopatikana kwa mukono bila mashini. Ile ya 67 ilikuwa bongo. Mwaka 1903, ku New York, Frank Nelson Cole akaandika ku tablo mbele ya wenzake: 193 707 721 mara 761 838 257 287. Jibu likatoka namba ileile ya 67. Kila mutu mwenye kujua kuzidisha aliweza kuhakikisha mwenyewe.

Muangalie vizuri: mutu ni mumoja, liste ni moja, namba moja ya kweli, ingine ya uongo. Kwa kuangalia tu haungejua. Ni hesabu ndiyo ilitenganisha.

Sasa turudi kwetu. Ku depo wanakwambia kilo ngapi, tenere ngapi, maji ngapi ya kutoa. Ku kampuni wanakupa karatasi ya mushahara yenye saa ambazo haujue zilihesabiwa namna gani. Sisemi kila namba yao ni uongo. Nasema ile isiyoonyeshwa hesabu yake, bado haijakuwa namba.

Watajibu: mashini haidanganye. Mwaka 2024, Luke Durant wa Marekani alipata namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, ya tarakimu 41 024 320. Mashini ilisema ndiyo. Hata hivyo, mbele ya kuitangaza, walipima tena na mashini zingine na programu zingine. Kama wenye mashini za nguvu wanakubali kupimwa mara ya pili, kwa nini kwetu kuomba kipimo cha pili kuitwe kukosa adabu?

Basi tudai mambo matatu: balansi yetu wenyewe ku kila kariere, sampuli igawanywe mara mbili na moja ibakie kwetu, na kila karatasi ionyeshe hesabu, si jibu peke yake. Na usiku, muulize mutoto tabelo ya kuzidisha. Ni yeye atakusomea ile karatasi.