HEKTA ZIPO, MNINGA UKO WAPI?

Ndugu msomaji, wewe uliyekaa kijiweni hapa Didia au kule Shinyanga mjini ukisubiri deiwaka, usifunue ukurasa ukidhani haya ni ya mabwana misitu. Ninasema juu ya mkaa unaochemsha chai yako.

Mkoa wetu uliwahi kuitwa jangwa la Tanzania, na jangwa hilo hakulileta Mungu. Mkoloni alifyeka mapori ili kuua mbung'o. Baada ya uhuru ikaja Operesheni Vijiji ya 1974, Msukuma akahamishwa na kuacha ngitili yake nyuma. Mradi wa HASHI ulipoanza 1986, ngitili zilizohesabiwa zilikuwa hekta 600 na ushei tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilishavuka 300,000. Nani alizirudisha? Vigogo? Thubutu! Ni wananchi, kwa sheria za dagashida na ulinzi wa sungusungu.

Sasa tunapigwa changa la macho. Desemba 2022 mataifa yalikutana Montreal, Kanada, yakaafikiana kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030. Makofi! Lakini hekta ni hesabu ya eneo. Kata mninga na mpingo, panda mikaratusi mistari mistari, hekta ni zilezile na mkubwa ataandika: lengo limefikiwa. Bibi anayechimba dawa aende wapi? Ng'ombe wa kiangazi ale mkaratusi?

Ngitili ni malisho, kuni, asali, dawa na nyasi za kuezekea, vyote mahali pamoja. Ramani ya matumizi ya ardhi huipaka rangi moja, basi.

Na sisi vijana tunachangia. Tumekimbilia machimbo ya Kahama na Geita, ambako mashimo yanameza matimba usiku na mchana, halafu Mkutano Mkuu wa Kijiji tunawaachia wazee. Kumbe mpango wa ardhi wa kijiji unapitishwa hapo hapo!

Mtendaji akibandika tangazo la mkutano, nenda. Dai iandikwe: mininga mingapi iachwe ikomae, ndege gani warudi, mizinga ikae wapi, kona ipi ng'ombe wasikanyage mpaka machipukizi yashike, na nani atahesabu kila mwaka. Wakikuambia hilo ni la wataalamu, waulize ni mtaalamu gani aliyelinda ngitili usiku na sungusungu.