Mama zetu wanastahili vitenzi katika wasifu wao

Ukiyachunguza matangazo ya vifo yanayochapishwa magazetini, pamoja na yale yaliyokuwa yakisomwa redioni katika miaka ya 1980 na 1990 huku vijiji vizima vikitega sikio, utagundua jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa sarufi angepaswa kulihoji. Marehemu akiwa mwanamume, sentensi hujaa virejeshi: aliyekuwa mwalimu mkuu, aliyejenga, aliyeongoza, aliyestaafu. Akiwa mwanamke, aghalabu tunamkabidhi a-unganifu na kumwacha hapo: mke wa fulani, mama wa fulani na fulani, mkwe wa, nyanya wa.

Sidai kwamba ujamaa ni jambo duni. Kuitwa Mama Fulani ni cheo katika jamii zetu, na wanawake wengi hujivunia cheo hicho kuliko majina waliyobatizwa. Isitoshe, lugha yenyewe imetuzoesha hivyo tangu utotoni, maana mume huoa ilhali mke huolewa, na mwanafunzi akiandika kinyume, twamtilia alama ya kosa. Ninachouliza ni hiki: baada ya kumtaja mumewe na wanawe, tumesema nini kumhusu yeye?

Swali hili linatuhusu walimu na wanafunzi moja kwa moja. Msiba ukitokea kijijini, kamati ya mazishi humtafuta mwalimu wa Kiswahili, au kijana aliye chuoni, kwa kuwa "anajua kuandika". Wasifu anaouandika usiku huo kwa haraka husomwa kaburini, kisha kijitabu kikahifadhiwa sandukuni pamoja na vyeti. Miaka 30 baadaye, mjukuu akitaka kujua nyanyake alikuwa nani, hana pengine pa kusoma.

Mwaka jana niliitwa kuandika wasifu wa jirani yetu wa huko nyumbani, mama aliyependwa na kijiji kizima. Kamati ilinipa karatasi yenye maneno yaliyokwisha kupangwa: mcha Mungu, mkarimu, mcheshi, mke mwema, mama mlezi, "aliyejitolea kwa jamii". Yote yalikuwa kweli. Yangeweza pia kuwa kweli kwa mama mwingine yeyote aliyezikwa tarafani mwetu mwaka huo.

Hebu tulitazame neno hilo, kujitolea. Mzizi wake ni toa. Limepata kauli ya kutendea, kisha likatiwa ji- ya kirejeshi, hata mtoaji akawa ndiye kinachotolewa. Ni neno zito. Lakini katika wasifu tunalitumia kana kwamba limejitosheleza, wala hatuulizi alitoa nini, kwa nani, kwa muda gani.

Basi nikaenda kuwauliza wanawake wa chama chake, waliokuwa jikoni wakipika chakula cha waombolezaji. Walinipa vitenzi vingi kuliko nilivyoweza kuandika. Alitunza daftari la chama, na kila shilingi iliyokopwa ilikuwa na mstari wake. Alipima watoto kwa mizani iliyoning'inizwa kwenye tawi la mwembe, akawafunga mkononi ule ukanda wenye rangi tatu, na rangi nyekundu ikijitokeza alimsindikiza mama na mtoto hadi zahanati siku hiyo hiyo. Alimwendea mgonjwa wa kifua kikuu kila asubuhi kwa miezi sita, akasimama mlangoni mpaka ameze dawa. (Mgonjwa huyo mwenyewe ndiye aliyekuwa akipasua kuni nje tulipokuwa tukizungumza.)

Mumewe, mzee aliyeendesha malori kwa miaka mingi, alikuwa na lake. Aliniambia kwamba mara mbili alitaka kuuza shamba, na mara mbili mkewe akaificha hati ya kumiliki ardhi ndani ya pipa la mahindi. Wanawe walishtuka. Mmoja akanikonyeza nisiliandike, maana lingemwaibisha baba mbele ya wakwe. Mzee akasema, "Mwalimu, liandike. Mimi nilimpenda kwa hayo." Nikaliandika.

Yawezekana baadhi ya wasomaji wataona kwamba hii ni hoja ya mtaalamu wa lugha anayetafuta makosa hata matangani. La hasha. Lugha tunayoizoea matangani ndiyo tunayoingia nayo mahakamani. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inautambua mchango usio wa kifedha, ukiwemo kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kazi ya shambani, usimamizi wa mali ya familia na hata kule kuwa mwenzi wa mwenzako. Lakini mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba usawa wa wanandoa katika Katiba haumaanishi mali kugawanywa nusu kwa nusu pasipo kujali; kila mmoja sharti aonyeshe alichochangia. Mwanamke aliyefunzwa na jamii nzima kwamba yeye "alikaa tu nyumbani" ataonyesha nini? Jaji hawezi kupima "alikuwa mke mwema". Lakini anaweza kupima ekari mbili zilizopaliliwa kwa miaka 20, au hati iliyookolewa isiuzwe.

Mfano mwingine ni wa majina ya kazi. Kwa miaka mingi wanawake kama jirani yetu waliitwa wahudumu wa afya wa kujitolea, na kwa kuwa walijitolea, hakuna aliyeona haja ya kuwalipa. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua kikosi cha zaidi ya 100,000, ikawaita wahamasishaji wa afya ya jamii na kuwaahidi posho ya Sh5,000 kwa mwezi, ikigawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Posho ilipoingia, neno kujitolea likatoka. Jirani yetu alikuwa amefanya kazi ile ile miaka mingi kabla ya neno kubadilishwa.

Bi. Phoebe Asiyo alipoaga dunia Januari 2025, waandishi hawakukosa la kusema. Alikuwa mke na mama, na hayo yalitajwa. Lakini ilijulikana pia kwamba mwaka 1958 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Maendeleo ya Wanawake, kwamba aliwakilisha Karachuonyo bungeni, na kwamba mwaka 1997 aliwasilisha hoja ya kuwatengea wanawake nafasi za uongozi, hoja iliyoangushwa. Vitenzi vyake vilihifadhiwa kwa sababu vyeo vyake vilikuwa na makarani. Wanawake wa vikundi vya mashinani, waliompikia, waliomchangia na kumkaribisha nyumbani kwao, hawakuwa na karani. Wao karani wao ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anayeishi nyumba moja nao.

Ndiyo sababu ningependa walimu wa Kiswahili wanapofundisha insha ya wasifu waache kuwapa wanafunzi mashujaa wa vitabuni peke yao. Mwanafunzi atumwe kwa nyanyake, au kwa mama jirani, angali hai na anaweza kumkosoa. Ukurasa wa kwanza usiwe na kivumishi hata kimoja cha sifa. Kila kitenzi kiwe na shamirisho. Naye mama akijibu, kama watakavyojibu wengi, "Mimi sikufanya lolote, mwanangu, nilikuwa nyumbani tu," mwanafunzi asifunge daftari. Amwulize ni nani aliyemwamkia alfajiri jana, na alikuwa ametumwa kuomba nini.